Neno “run” la Kiingereza: lini ni kukimbia na lini si kukimbia?

Mfasiri wa Morogoro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na wakubwa zangu wote shikamooni. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua kwa muda wa wiki mbili na ambalo, kwa kusema kweli, limenifanya nitilie shaka namna nilivyojifunza Kiingereza tangu shule ya msingi.

Nilipewa kazi ya kufasiri maelekezo ya pampu ya maji inayotumia petroli, ambayo kikundi cha wakulima wa mboga wilayani Mvomero kilikuwa kimeinunua kwa michango yao wenyewe. Maelekezo hayo ni ya karatasi moja tu, mbele na nyuma, lakini ndani yake neno “run” limejitokeza mara saba. La kwanza lilikuwa hili: “Run the engine for five minutes without load.” Kwa kuwa nilijua “run” ni kukimbia, na kwa kuwa injini haikimbii yenyewe bali huwa na mtu anayeiwasha, niliona inafaa nitumie kitenzi cha kusababisha, nikaandika: “Kimbiza injini kwa dakika tano bila mzigo.” Nilidhani nimepatia.

Siku ya kuijaribu pampu nilikuwapo. Kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo alisoma karatasi yangu kwa sauti, akavuta kamba, injini ikawaka, kisha akausukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, kwa sababu kwake yeye, kama kwa mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili, kukimbiza chombo ni kukipeleka kwa kasi. Injini ambayo ilikuwa haijawahi kuwashwa hata mara moja ilinguruma mpaka pampu nzima ikaanza kusogea juu ya udongo, na mzee mmoja aliyekuwa amesimama kando, ambaye aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya miwa, ndiye aliyeinama haraka akaizima. Hakuna kilichoharibika. Hata hivyo nilijua kwamba kosa halikuwa la kijana yule, kwani alitenda hasa kile alichosoma, na alichosoma nilikiandika mimi.

Tangu siku hiyo nimeikalia karatasi upya. Zimebaki hizi: “Never run the pump dry”, “Do not let the fuel run low”, “Run clean water through the pump after use”, “If the engine runs rough”, kisha maneno “running costs” katika jedwali la gharama, na mwishoni “run in”, ambalo linahusu saa 20 za mwanzo za injini mpya. Kamusi ndogo niliyo nayo inanipa “kimbia” na kufuatiwa na msururu wa maneno yasiyo na mifano. Swali langu ni hili: je, kuna njia ya kujua neno hili linabeba maana gani mahali linapokaa, au ni lazima mtu akariri maana zake moja moja mpaka azeeke?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo wanafunzi wangu wengi walilihitaji lakini hawakulithubutu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo, nawe univumilie.

Nianze kwa kukuondolea aibu. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa “set”. Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi hiyo kwa ajili ya toleo la tatu, zamu ya “run” ilimwangukia mhariri Peter Gilliver, naye alikaa nalo kwa miezi zaidi ya tisa. Matokeo yalipojulikana mwaka 2011, kitenzi hicho peke yake, bila kuhesabu “run” lililo nomino, kilikuwa na maana 645. Kama mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo na kulipwa kwa kazi hiyo alihitaji miezi tisa, wewe hukupaswa kulimaliza kwa jioni moja.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kosa letu sisi walimu ni kwamba tunamfundisha mtoto kuwa “run” ni kukimbia kwa miguu, halafu tunamwacha aamini kwamba matumizi mengine yote ni mafumbo yaliyotokana na miguu hiyo. Sivyo lilivyo. Katika lugha za jamii moja na Kiingereza, maji na miguu vimekwenda pamoja tangu zamani: Kijerumani mpaka leo kina “rennen” kwa mtu anayekimbia na “rinnen” kwa maji yanayotiririka, na maneno hayo mawili ni ndugu wa damu wa “run”. Kwa hiyo Mwingereza asemapo mto “runs”, hafananishi mto na mwanariadha. Anasema kwamba kitu kimeshika njia yake na kinaendelea nayo bila kuzuiwa. Hilo ndilo wazo la msingi, na ukilishika utaona kwa nini saa, mashine, barabara, mkataba, filamu na machozi, vyote vinaweza kuwa “running” bila kuwa na mguu hata mmoja.

Kiswahili kina neno ambalo kwa sehemu kubwa hubeba wazo hilohilo, nalo ni “kwenda” pamoja na ukoo wake wote. Saa inakwenda. Mashine inakwenda. Mambo yanaendelea. Biashara inaendeshwa, kesi inaendeshwa, nchi inaendeshwa. Angalia namna lugha hizi mbili zinavyotofautiana katika kazi hiyo: Kiingereza hakina viambishi vya kunyambua kitenzi kama vyetu, kwa hiyo “the engine runs” na “he runs the engine” hutumia umbo lilelile, na ni nafasi ya maneno tu inayokueleza nani anamfanyia nani. Sisi tunaambiwa na kitenzi chenyewe: injini inakwenda, yeye anaiendesha. Wewe ulihisi sawasawa kwamba panahitajika kitenzi cha kusababisha, ila ulikinyambua kutoka katika shina lisilofaa. Ungesema “iendeshe injini” au, kwa lugha rahisi zaidi, “washa injini uiache iungurume taratibu kwa dakika tano bila kuipa kazi”, kijana yule asingeugusa mkono wa mafuta.

Pana mtego mmoja hapa ambao nimeona hata watu wenye shahada wakinaswa nao. Sisi tunasema “naendesha gari” kwa maana ya kushika usukani. Kiingereza kwa maana hiyo husema “drive”, na mtu akisema “I cannot afford to run a car”, hasemi kwamba hajui kuendesha. Anasema hana uwezo wa kulihudumia gari, yaani petroli, bima, matairi na matengenezo. Zile “running costs” za jedwali lako ni ndugu wa sentensi hiyo, nazo kwa Kiswahili ni gharama za uendeshaji.

Kuna kundi jingine ambalo halina uhusiano na kuendesha kabisa. Pale “run” inapofuatwa na neno la sifa, kama “dry”, “low”, “short” au “late”, yenyewe hupoteza uzito wake na kubaki na maana ya kufikia hali fulani. Mto ukiwa “run dry”, umekauka. Mafuta yakiwa “run low”, yamepungua. Treni zikiwa “running late”, zinachelewa. Katika sentensi hizo usiitafute “run” uifasiri; fasiri sifa iliyo mbele yake, ugeuze hiyo kuwa kitenzi, nawe utakuwa umemaliza. Onyo lako kuhusu “run the pump dry” linachanganya mambo yote mawili, kwa sababu ndani yake mna mtu anayeendesha na mna hali ya ukavu, kwa hiyo andika: “Usiiendeshe kamwe pampu ikiwa haina maji.” Na tafadhali waeleze wakulima sababu, maana karatasi nyingi hazielezi: maji yanayopita ndani ya pampu ndiyo yanayoipoza sili, yaani kile kiziba kinachozuia maji yasivuje, na pampu ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi, sili hiyo huungua na maji huanza kuvuja.

Muuguzi, Kanda ya Ziwa

Shikamoo mwalimu, nawe ndugu mfasiri pole kwa yaliyokukuta. Nimesoma maelezo haya nikakumbuka jambo lililotupata kazini, ambalo lilinifundisha kwamba neno hili likifasiriwa vibaya hospitalini linaweza kuficha ugonjwa.

Tulikuwa na fomu za kuwauliza wagonjwa wapya historia ya afya zao, zilizofasiriwa kutoka Kiingereza na watu ambao sikuwahi kuwaona. Mojawapo ya maswali iliandikwa: “Je, kisukari kinakimbia katika familia yako?” Mama mmoja wa makamo alifikiri kidogo, akajibu kwa unyenyekevu: “Hapana, hakijakimbia.” Mwenzangu akaweka alama ya “hapana” akaendelea na swali la pili. Mimi nilikuwa nimekaa jirani nikifunga kidonda, na namna mama yule alivyotamka neno “hakijakimbia” ilinifanya nimgeukie. Nilipomuuliza kwa maneno mengine, alieleza kwamba mama yake mzazi alifariki kwa kisukari, na mdogo wake anachoma sindano ya insulini kila siku. Alichokuwa akitujibu ni kwamba ugonjwa bado umo ndani ya nyumba yao, haujaondoka. Jibu lake lilikuwa kweli tupu, na fomu yetu ilirekodi kinyume chake.

Kiingereza cha swali lile kilikuwa “Does diabetes run in your family?” na maana yake ni kama ugonjwa unafuata damu, unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kwa Kiswahili ningesema: “Je, katika ukoo wenu kuna mtu mwingine mwenye kisukari?” Hakuna kukimbia, hakuna hata kwenda. Hapa ndipo ninapotaka kumwongezea mwalimu: mara nyingine sentensi ya Kiswahili inabidi ijengwe upya tangu msingi.

Katika kazi yetu “run” iko kila mahali. Mtoto mwenye “runny nose” anatokwa na kamasi. Anayekuwa “running a temperature” ana homa, au joto la mwili wake limepanda. Daktari akisema “let us run some tests”, anataka vipimo vifanyike. Dripu ikitakiwa “run slowly”, tunasema iende polepole, na hapo lile neno “kwenda” la mwalimu linakubali sawasawa. Kisha kuna “the runs”, ambayo kwa Kiingereza cha mazungumzo ni kuharisha, na nilifurahi sana nilipogundua kwamba sisi nasi tunasema tumbo la kuendesha, kana kwamba lugha mbili zilikutana njiani bila kuahidiana. Angalizo moja tu kwa wanaohudumia wageni: “running stomach”, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaitumia tukidhani ni Kiingereza cha kila mahali, si lazima ieleweke na daktari aliyetoka Uingereza. Mwambie “diarrhoea” naye atakuelewa mara moja.

Na kuhusu “running water”, mtakumbuka kwamba mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa ofisi na duka ulikuwa na tangazo la kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Hiyo ilikuwa tafsiri nzuri kabisa, kwa sababu kinachotakiwa ni maji yatembee juu ya mkono yauchukue uchafu, hata kama yanatoka katika ndoo yenye koki au kibuyu chirizi. Lakini tangazo la nyumba ya kupanga likisema ina “running water”, tafsiri ni maji ya bomba. Maneno ni yaleyale mawili, na mfasiri asiyejua yako ukutani kwa mwenye nyumba au ukutani kwa zahanati atakosea.

Mkenya wa Minnesota

Hamjambo nyote. Niko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, na ningependa kuongeza upande ambao shuleni Kenya hatukufundishwa, kwa kuwa Kiingereza chetu kilitoka Uingereza na huku neno hili lina mazoea yake.

Uingereza mtu anayetaka ubunge husemwa kwamba “stands for election”. Marekani husemwa kwamba “runs for office”. Mmoja amesimama na mwingine anakimbia, ingawa wote wawili wanafanya jambo moja, ambalo sisi tunaliita kugombea au kuwania kiti. Mgombea mwenza, ambaye Watanzania wamekuwa naye katika uchaguzi wa rais tangu 1995 na sisi tangu uchaguzi wa 2013 chini ya katiba mpya, huitwa “running mate”. Jina hilo lilianzia kwa farasi: lilimtaja farasi aliyeingizwa mashindanoni ili kumpa kasi farasi mwenzake wa zizi moja. Naona waliotupatia “mgombea mwenza” walifanya kazi ya kupigiwa mfano, kwani hawakuhangaika na farasi wala mbio; walitazama yule mtu anafanya nini.

Mwaka wangu wa kwanza kazini msimamizi aliniambia kuhusu barua niliyokuwa nikiandika: “Run it by me before it goes out.” Nilijua “run”, nilijua “by”, nikajumlisha nikapata kwamba niharakishe nimpitie kabla barua haijatoka. Nikapita mezani kwake, nikamsalimu, nikaenda kuituma. Aliponiita alikuwa amekasirika kwa haki, kwa sababu maneno yake yalikuwa na maana ya kwamba nimwonyeshe kwanza aisome na aikubali. Tangu siku hiyo nimekuwa na daftari ambamo naandika viambatanishi vya neno hili, kwa sababu ni hivyo vijineno vidogo vya nyuma vinavyogeuza kila kitu. “I ran into your brother” kwa kawaida ni kwamba nilikutana naye bila kutarajia. “I ran over your brother” ni kwamba nilimkanyaga kwa gari, na hapo patahitajika polisi. “We ran out of sugar” ni kwamba sukari imetuishia. “Run a red light” ni kupita taa nyekundu bila kusimama, hata kama gari lilikuwa likienda mwendo wa kobe.

Jambo moja bado linanishangaza, nalo ni “bank run”, yaani wateja wengi kuikimbilia benki kwa pamoja ili watoe fedha zao kabla haijafilisika. Septemba 2007 pale Uingereza, watu walipanga foleni barabarani nje ya matawi ya Northern Rock, na mtu angeweza kusema neno lile bado lina miguu. Lakini tarehe 9 Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya huku Marekani walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao wakiwa wamekaa kwenye viti vyao wakibonyeza simu na kompyuta. Magazeti yaliendelea kuiita “run”. Tunaposema “kuikimbilia benki” sisi tunabaki na picha ya miguu, na sijui kama itafaa kwa siku kama ile ya pili. Mimi ningeandika “wateja kutoa fedha zao kwa mkupuo”.

Mzawa wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Nimewafuata kwa makini, nami nina neno la kupingana kidogo na mwalimu, kwa heshima zote.

Mwalimu ametupa “kwenda” na “kuendesha” kama nyumba ya kufikia, na katika mambo ya mashine nakubaliana naye kabisa. Hofu yangu ni kwamba kijana akishapewa nyumba ya kufikia, ataifikia kila siku, na baada ya mwezi tutakuwa na matangazo yanayosema rangi inakwenda na barabara inaendesha pwani. Nadhani faida kubwa zaidi ataipata akilitazama neno letu wenyewe, “piga”. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga hodi, tunapiga deki. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa “piga” ni kumchapa mtu, atatuona watu wakali sana. Sisi hatuoni ukali wowote, kwa sababu hatusikii “piga” peke yake. Tunasikia “piga pasi” kama kitu kimoja. Mwingereza naye hasikii “run”. Anasikia “run a bath”, ambayo ni kufungulia maji ya kuogea yajae, na anasikia “run a story”, ambayo kwa gazeti ni kuichapisha habari. Kwa hiyo kijana ajifunze fungu zima la maneno kama linavyosemwa, wala asilivunje vipande.

Nitoe mfano wa nyumbani. Kanga mpya zinapoletwa, bibi yangu hakuruhusu zifuliwe pamoja na nguo nyeupe. Alizilowesha kwanza peke yake katika beseni la maji ya chumvi, akazigeuza kwa mkono, na maji yakageuka mekundu kama juisi ya rozela; alizitoa, akazisuuza, akarudia mpaka maji yakabaki meupe. Kwenye vitambaa vya nje utakuta kilebo kimeandikwa “colours may run”. Tafsiri yake ni neno moja ambalo kila mwanamke wa pwani analo: inachuja. Mtu anayeanzia kwenye kukimbia au hata kwenye kwenda hatalifikia neno hilo kamwe. Atalifikia mtu anayeanzia kwenye beseni.

Ni hivyo hivyo baharini. “The dhow ran aground” si kukimbia wala kwenda: chombo kimepanda mwamba, au kimekwama kwenye fungu, na kama kilichokikwamisha ni maji kupwa, basi kimepwelewa, neno ambalo Kiingereza cha kila siku hakina la kulingana nalo kwa ufupi. Na barabara ikiwa “runs along the coast”, sisi tunasema inafuata pwani.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu wa Mji Mkongwe, nakubali, na mfano wa “piga” ni bora kuliko wote nilioutumia darasani. Nabakiza jambo moja tu. Mafungu ya maneno ni mengi mno kwa mtu mmoja kuyakariri, na siku atakayokutana na fungu ambalo hajawahi kuliona, atahitaji mahali pa kuanzia kufikiri. Hapo ndipo wazo la kitu kushika njia yake linapomfaa: kwanza atazame ni kitu gani kinachofanya “run”, je, ni maji, mashine, mtu, ugonjwa au mkataba, kisha ajiulize watu wa Kiswahili husema nini kuhusu kitu hicho kikiwa katika hali hiyo. Ugonjwa hurithiwa, rangi huchuja, mashine huenda, na mkataba wa “runs for two years” ni mkataba wa miaka miwili, bila kitenzi cha mwendo kabisa.

Hata katika michezo utaliona hilo. Katika kriketi alama huitwa “runs”, kwa sababu wachezaji wawili hubadilishana ncha za ukanda wa katikati ya uwanja kwa mbio. Lakini mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi, timu hupewa “runs” sita na hakuna aliyelazimika kukimbia hata hatua moja.

Mfasiri wa Morogoro

Nawashukuru sana. Nimekaa usiku kucha na majibu haya, na nimeiandika karatasi upya. Naiweka hapa ili mnikosoe kabla sijaipeleka Mvomero Jumamosi.

“Washa injini na uiache iungurume taratibu kwa dakika tano bila kuipa kazi. Usiiendeshe kamwe pampu ikiwa haina maji, kwa sababu sili itaungua. Usiache mafuta yapungue mno ndani ya tangi. Baada ya kazi, pitisha maji safi ndani ya pampu ili kuondoa mchanga na matope.” Kwa “running costs” nimeweka gharama za uendeshaji, kama alivyoelekeza mwalimu.

Mambo mawili yananisumbua bado. “If the engine runs rough” nimeiandika “injini ikienda vibaya”, lakini naona haimwambii mkulima asikilize nini. Na ile “run in the engine for the first 20 hours” sijaigusa, kwa kuogopa kurudia kosa la kwanza.

Fundi wa Injini Ndogo, Msamvu

Mimi si mtu wa lugha, ila pampu za aina hiyo nazifungua kila siku, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Injini ya “rough” ni ile inayotetema na kukatakata mlio, kama inataka kuzima halafu inajirudisha. Sisi wote hapa tunasema injini inamisi, na mkulima yeyote mwenye pikipiki anaelewa. Andika: “Injini ikimisi, izime, kisha safisha plagi na kichujio cha hewa.”

Hiyo ya saa 20 ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo maana nimeshtuka kusoma kwamba mkono wa mafuta ulisukumwa hadi mwisho. Injini mpya, ringi zake za pistoni bado hazijalaliana na silinda, na ukiibebesha mzigo mkubwa mapema zitakwaruza, nayo itakula oili maisha yake yote. Waandikie hivi: “Katika saa 20 za kwanza, itumie injini kwa kazi nyepesi, mkono wa mafuta usizidi nusu. Saa hizo zikitimia, mwaga oili ya kwanza ikiwa bado ya moto na uweke mpya.” Oili hiyo ya kwanza mtaiona ina vumbi la chuma linalong'aa, msiogope, ni kawaida. Na yule mzee aliyeizima, mwambieni awe ndiye anayeiwasha mpaka saa hizo ziishe.